Jicho Kwanza

Ukitafuta picha ya Kolwezi, mji wetu wa migodi, utapewa shimo. Limepigwa kutoka juu, kwa droni au kwa satelaiti: kingo za udongo mwekundu zinashuka daraja kwa daraja, malori yamegeuka vitone, na chini kabisa kuna maji ya rangi ambayo hakuna mto ulio nayo. Sina ugomvi na picha hizo. Nyingine ni kazi za mafundi wakubwa. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, ameipiga migodi ya huku kwa namna inayomfanya mtu anyamaze, na ni mmoja wa walioanzisha maonyesho ya Picha ya Lubumbashi mwaka 2008. Ila karibu zote zina tabia moja: mpiga picha yuko mbali, na ardhi ni kubwa. Mimi nataka kusifu kazi ya upande wa pili, ile ambayo lenzi iko upana wa kiganja kutoka kwa kinachopigwa, na mpiga picha amelala kifudifudi kwenye majani yenye umande, amezuia pumzi.

Namfahamu mmoja wao. Jumamosi anapiga harusi, siku za kazi anapiga picha ndogo za vyeti na za hati za kusafiria, na asubuhi anazobaki nazo anazimalizia nje ya mji, kati ya majani marefu na vichuguu, akitafuta wadudu na buibui. Hakuna anayemlipa kwa hayo.

Msimu wake ni mwisho wa mvua. Huku kwetu mvua zinashika mwezi wa kumi na moja na kuachia mwezi wa nne. Wadudu walioanguliwa na mvua za kwanza wameshajivua ngozi mara kadhaa na sasa ni wakubwa: panzi wana mabawa kamili, vunjajungu jike ameshavimba tumbo, kereng'ende wamejaa kwenye mabwawa. Buibui wanaotanda nyavu za duara, ambao mwezi wa kumi na mbili usingewaona bila kuinama, wamekua hadi wanazuia njia. Buibui wa dhahabu wa jamii ya Trichonephila anatanda wavu wa nyuzi za njano kati ya miti miwili, na ukipita bila kutazama unauvaa usoni. Yule mkubwa aliye katikati ni jike. Dume yuko juu yake pembeni, kitu kidogo cha milimita chache, na watu wengi hudhani ni mtoto.

Tena kuna baridi. Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za mwezi wa nne zinaanza kuuma. Wadudu wengi hawana moto wao wenyewe. Hungoja jua liwapashe misuli ndipo waruke. Kabla ya hapo kereng'ende anakaa kwenye bua akiwa amejaa umande hadi machoni, na mtu anaweza kumkaribia. Muda huo ni mfupi. Jua likishapanda juu ya vichuguu kila mwenye mabawa anaondoka, kisha upepo unaanza, na mpiga picha anarudi mjini kufungua studio.

Sasa hesabu, kwa sababu bila hesabu ufundi huu hauonekani. Picha ya karibu kweli ni ile ya moja kwa moja: mdudu wa milimita 10 anachukua milimita 10 juu ya kihisi cha kamera. Kihisi kikubwa cha kawaida kina milimita 36 kwa 24, kwa hiyo nyuki mmoja anakula karibu theluthi ya upana wake. Kwa ukuzaji huo, ukilifunga tundu la lenzi hadi f/16, kinachobaki wazi na kikali kutoka mbele kwenda nyuma ni kama milimita 2. Ukilifungua hadi f/8 inabaki 1. Vingine vyote, mbele na nyuma, ni ukungu. Kulifunga zaidi hakusaidii, maana mwanga unaopenya kwenye tundu dogo sana hutawanyika na picha nzima inalegea. Isitoshe, lenzi iliyosogezwa mbali na kihisi ili ikuze namna hiyo inapoteza mwanga: f/16 iliyoandikwa kwenye kamera inafanya kazi ya f/32. Giza linaongezeka pale pale unapohitaji nuru.

Ufundi wote, basi, ni kuamua milimita hizo 2 ziwekwe wapi, na nini kiachwe kipotee. Anayeanza huacha kamera iamue, na kamera hupenda kushika kilicho karibu nayo zaidi, mara nyingi goti. Fundi anaanza na jicho. Jicho likiwa kali, mguu wa nyuma unaweza kuyeyuka kwenye ukungu na mtazamaji asiudai. Jicho likilegea hakuna kitakachoiokoa picha, hata rangi za bawa ziwe nzuri namna gani. Likishapatikana jicho ndipo anatafuta nini kingine kinaweza kuingia pamoja nalo kwenye ubapa ule mwembamba. Kereng'ende anampiga ubavuni, kamera ikiwa sambamba na mwili, ili kichwa na mkia viingie pamoja. Buibui aliye katikati ya wavu anampiga uso kwa uso na wavu wenyewe, kwa kuwa wavu ni ubapa tayari. Vunjajungu ndiye msumbufu: mikono ameielekeza huku, kichwa amekigeuza kule, na doa jeusi lililo ndani ya jicho lake linakufuata kila unakosogea, hata unadhani ana mboni anayoigeuza, kumbe ni pembe tu ambayo mwanga haurudi.

Kinachonivutia kuliko yote ni mikono. Hatumii stendi ya miguu mitatu. Anasema mpaka umalize kuifungua, mdudu amekwenda. Fokasi ya kujiendesha ameizima. Lenzi ameiweka kwenye ukuzaji anaoutaka na haigusi tena. Kwa gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto anashika bua alilokalia mdudu, chini kidogo ya miguu yake, taratibu kiasi kwamba bua halitikisiki. Kisha analaza ncha ya lenzi juu ya kiganja hicho hicho. Sasa bua na lenzi vimeshikana: upepo ukivuma vinayumba pamoja, na ndani ya dirisha la kamera mdudu hasogei. Halafu anaegemea mbele kwa kifua, si kwa mikono, nusu milimita, robo milimita. Katika kupita huko unyoya wa paji la uso unaibuka, unazama. Ukingo wa jicho unaibuka. Jicho lenyewe linang'aa. Anafyatua linapokaribia kung'aa, kwa sababu ukisubiri ling'ae kwanza umeshachelewa. Kuifanya kazi hiyo bila kuegemeza mkono ni kutunga sindano ndani ya basi la Likasi.

Pumzi anaitolea pembeni. Pumzi ya mtu ni joto, unyevu na hewa ukaa, na wadudu wanaifahamu. Mbu humtafuta mtu kwa hiyo hiyo. Kivuli nacho ni kelele: mdudu aliyeanza kuota jua akifunikwa ghafla anaruka. Kwa hiyo anafika kwa kuzunguka, jua likiwa ubavuni, magoti chini tangu mbali. Ukimtazama akisogea unachoka kabla yake.

Mwanga anautengeneza mwenyewe. Flashi ndogo iliyopunguzwa nguvu huwaka kwa muda wa chini ya sehemu moja ya 10,000 ya sekunde, na hapo hata mapigo ya moyo ya mpiga picha hayaitikisi picha. Lakini flashi tupu ni ukatili. Inaacha doa jeupe kwenye kila gamba na kivuli cheusi chini yake, na mbawakawa mwenye mgongo wa rangi ya shaba anageuka kipande cha bati. Basi kifuniko cha kulainisha mwanga amekikata kutoka boksi jeupe la chakula cha kubeba, akakipachika karatasi nyembamba tabaka mbili na gundi. Kimekunjamana, na upande mmoja kina doa la mafuta ya chipsi. Kinaanzia juu ya flashi, kinapita juu ya lenzi na kuinamia mbele yake, hivi kwamba mdudu anaangaziwa na kitu kipana kumzidi mwenyewe mara nyingi. Chanzo cha mwanga kikiwa kipana na karibu, kivuli kinalainika. Sheria ni hiyo tu. Nimeviona vifuniko vya kununua vilivyoagizwa kutoka nje. Tofauti ninayoiona ni bei.

Lenzi yake ya kwanza nayo haikuwa ya kazi hii. Ilikuwa lenzi ya milimita 50 ya kamera ya filamu, ya enzi ambazo kila studio ya mjini ilikuwa na chumba cha giza. Aliigeuza nyuma mbele, akaifunga kwa pete ya bei ndogo. Lenzi ya kawaida imeundwa kuchukua kitu kikubwa kilicho mbali na kukitupa kidogo karibu. Ukiigeuza inafanya kinyume chake. Ya milimita 50 inafika karibu na moja kwa moja, ya 28 inapita mara mbili. Thomas Shahan, Mmarekani wa Oklahoma aliyewafanya watu wengi waone uso wa buibui kwa mara ya kwanza, alijulikana kwa lenzi kuukuu zilizogeuzwa namna hiyo. Betri, hizo ni mpya. Zina kobalti, kama betri nyingi za lithiamu tangu Sony ilipoanza kuziuza mwaka 1991, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, sehemu kubwa hapa Lualaba. Huenda imevuka bahari mara mbili ili irudi kumulika nyasi za nyumbani.

Nyuso alizozitafuta Shahan ni za buibui warukao, na hao ndio wanaofundisha maana ya jicho kwanza. Buibui wa wavu haoni vizuri. Anaishi kwa kuhisi mtetemo wa nyuzi zake, na ukimkaribia bila kuugusa wavu hajui upo. Arukaye hana wavu wa kuwindia. Anawinda kwa macho manane, mawili ya katikati yakiwa makubwa na yametazama mbele, na ukimsogelea hakimbii mara moja: anageuka akutazame. Nyuma ya kila jicho kubwa kuna mrija, na mwisho wa mrija kuna retina ndogo ambayo buibui anaisogeza kwa misuli huku lenzi ya jicho ikikaa palepale. Kwa mpiga picha hilo ni elimu ya kazi. Jicho likiwa jeusi kabisa, retina imeelekea kwako. Likififia, anatazama kwingine. Fundi wangu anangoja yote mawili yawe meusi, na yanapokuwa meusi ana muda wa kufyatua mara moja, au asifyatue. Ukiikuza picha yake moja niliyonayo kwenye simu, ndani ya jicho hilo jeusi unaona mraba mweupe uliopinda, ndicho kile kifuniko cha boksi, na pembeni yake ncha za vidole viwili vilivyoshika bua.

Macho hayo si ya mapambo. Mbita, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, ambako taasisi ya utafiti wa wadudu ya ICIPE ina kituo chake, yuko buibui arukaye aitwaye Evarcha culicivora. Mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba kiumbe huyo, ambaye urefu wake ni milimita chache, akipewa nafasi ya kuchagua humchukua mbu jike aliyeshiba damu kuliko wadudu wengine. Anakunywa damu yetu kwa kupitia mbu. Anamtambua kwa harufu, na anamtambua kwa kuona tu vilevile. Mpiga picha anayengoja macho meusi anajua, basi, kwamba na yeye anapimwa na mtazamaji hodari.

Watu wanapita. Njia ya majani ndiyo njia ya shamba, na mtu mzima aliyelala chini akitazama bua hawezi kuachwa bila kuulizwa. "Papa, munatafuta nini mu majani?" Akijibu kwamba ni buibui, swali linalofuata ni lile lile: "Inakuliwaka?" Ni swali la haki. Huku wadudu wanajulikana kwa mdomo kwanza. Kumbikumbi wana siku zao, viwavi wa miombo wana miti yao, misimu yao na bei zao sokoni, na François Malaisse, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi miaka mingi Katanga, aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1997, juu ya watu wanavyokula kutokana na msitu huu. "Hapana mama, naangaliaka tu," anajibu, kisha anageuza kamera na kuwaonyesha kioo. Hapo makopo na vikapu vinatua chini. Mmoja anasogeza uso hadi kioo kinaingia ukungu: "Iko na manyoya!" Wanacheka, wanamhurumia kidogo, wanaondoka. Mara nyingine kabla ya kuondoka mmoja wao ananyoosha kidole kwenye tawi ambalo mpiga picha alikwisha kulipita, na juu ya tawi kuna vunjajungu wa rangi ya gome. Aliyeokota viwavi tangu utotoni haoni majani tu anapotazama majani. Ukiniuliza, hao ndio wangekuwa wapiga picha wa wadudu bora kuliko wote wa jimbo hili, kama kamera zingekuwa za bei ya jembe.

Waliokuja zamani walikuja na nyavu. Hifadhi ya Upemba ilianzishwa mwaka 1939, na kati ya 1946 na 1949 msafara wa Mbelgiji Gaston-François de Witte ulikusanya humo wadudu, vyura, nyoka na vingine kwa wingi ambao wataalamu waliendelea kuuandika kwa miaka mingi. Masanduku yalikwenda Ubelgiji. Bila kazi hiyo majina mengi tunayotumia yasingekuwepo, na siidharau. Lakini mdudu wa sindano anapoteza vitu, na cha kwanza ni macho. Ya kereng'ende, kijani au samawati akiwa hai, hufifia na kuwa kahawia baada ya kufa. Mwaka 2015 Klaas-Douwe Dijkstra, Jens Kipping na Nicolas Mézière walipotangaza spishi mpya 60 za kereng'ende wa Afrika kwa mkupuo mmoja, walizitoa pamoja na picha za kereng'ende walio hai, na ni picha hizo zinazokuonyesha rangi ambazo sanduku halizitunzi.

Wapo pia wanaowapiga waliokufa kwa makusudi. Levon Biss, Mwingereza, katika kazi yake ya Microsculpture iliyoonyeshwa Oxford mwaka 2016, aliunganisha picha zaidi ya 8,000 kumpata mdudu mmoja, kila picha ikichangia ubapa wake mwembamba, hadi hakuna ukungu popote. Ni ajabu kuitazama. Hata hivyo, kwa ladha yangu, picha ambayo kila unyoya ni mkali hainishiki muda mrefu, kwa sababu hakuna kilichoachwa ili kingine kipatikane. Bado namheshimu kuliko wale wanaomweka mdudu kwenye friji apoe, wakamtoa na kumpanga juu ya ua, kisha wakasema wamemkuta porini. Baridi ya asubuhi inafanya kazi hiyo hiyo bure, na mdudu anaamka mahali alipolala.

Mahali ambapo fundi wangu anapapenda kuliko pote ni kwenye vile vilima vya shaba ambavyo bado havijachimbwa. Unavitambua kwa kukosa miti: miombo inafika ukingoni na kusimama, kwa kuwa udongo una metali ambayo mizizi ya miti mingi haiivumilii. Mimea midogo iliyozoea ndiyo inayobaki. Haumaniastrum katangense, mmea wenye vichwa vidogo vya maua, hupenda udongo wenye shaba kiasi kwamba umewasaidia wataalamu wa mambo ya kale kupata mahali ambapo wahenga waliyeyushia shaba. Crotalaria cobalticola hukaa kwenye kobalti. Hapo anabadili hesabu zake. Mahali pengine ua lingeachwa liyeyuke liwe rangi tu nyuma ya nzi; hapa anainamisha kamera hadi jicho la nzi na angalau ua moja viingie pamoja kwenye zile milimita 2, hata kama bawa litapotea. Nzi bila mmea wake, anasema, angeweza kuwa wa popote. Kilima kikichimbwa kinaondoka na vyote viwili.

Si kwamba picha inamaliza kila kitu. Spishi za buibui zilizopewa majina zilipita 50,000 mwaka 2022, na nyingi kati yao haziwezi kutofautishwa bila kuchunguza viungo vya uzazi chini ya hadubini. Akiweka picha ya buibui arukaye kwenye tovuti ya iNaturalist, mara nyingi anarudishiwa jina la familia tu, Salticidae, na habari inaishia hapo. Haimkeri. Anaandika tarehe, mahali na mmea, anaendelea.

Mwezi wa tano majani yanakauka, na kiangazi kikikomaa moto unapita kwenye sehemu kubwa ya mbuga. Hapo anahamia ukutani. Kwenye nyumba yoyote ya Kolwezi, karibu na dirisha ambako nzi hujikusanya, utakuta buibui warukao, na vumbi la barabara limewakaa kichwani, kwa hiyo inabidi angoje wajifute macho kwa vile vigusio viwili vya mbele, jambo wanalolifanya mara kwa mara. Faida ya ukuta ni kwamba hauyumbi. Hasara yake ni chokaa nyeupe, inayorudisha mwanga wa flashi hadi buibui anapauka, na kwa ajili hiyo ameanza kukata kifuniko kingine, kidogo zaidi.